Picha Iliyogoma Kufunguka

Maiti ya mwalimu Hezekia Mlowe ilionekana Ijumaa, tarehe 9 Julai 2004, saa nane na dakika arobaini mchana. Aliyeiona ni Salha, mhudumu wa intaneti kafe ya Fahadi Abdulsalam, hapo Makambako, karibu na njia panda ya kwenda Songea. Kafe ilikuwa imefungwa kupisha sala ya Ijumaa. Salha alifungua kufuli la mlango wa mbele, akaingia, akaita, "Mwalimu, umeshakula?" Hakujibiwa. Kompyuta tano zilikuwa zimezimwa. Ya sita, ile ya mwalimu, ilikuwa inawaka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na upepo ukiupigapiga ukutani. Mwalimu alikuwa amelala chali kwenye ngazi za saruji, kisogo kwenye kona ya ngazi ya pili, mguu mmoja ungali ndani ya kizingiti.

Sajenti Dafroza Mtewele wa idara ya upelelezi alifika kutoka Njombe saa kumi na dakika ishirini. Alikuwa na miaka kumi na saba kazini na maiti alishaziona nyingi, lakini hii ilimkalia vibaya. Miwani ya marehemu ilikuwa haijavunjika, na usoni alionekana kama mtu aliyekatizwa akiwa katikati ya maelezo. Daktari wa kituo cha afya alisema kifo kilitokea kati ya saa sita na saa nane. Zaidi ya kisogo kilichopasuka hakukuwa na jeraha jingine, ila alama za vidole kwenye mkono wa kulia. Mtu alikuwa amemshika kwa nguvu kabla hajaanguka.

Dafroza aliuchunguza mlango wa nyuma. Komeo lilikuwa ndani, zima, halikuguswa na chuma.

"Nani huwa anabaki humu wakati wa sala?" alimuuliza Salha.

"Mwalimu peke yake, afande. Bosi anamfungia kwa mbele wateja wasimsumbue, yeye anatayarisha masomo ya kutengeneza tovuti anayofundisha hapa. Akitaka kutoka anapita nyuma."

"Kwa hiyo mtu wa nyuma lazima afunguliwe na yeye mwenyewe."

"Ndiyo. Na hafungui kwa asiyemjua."

"Wewe uliondoka saa ngapi?"

"Saa sita kamili. Nilimwacha na bosi. Bosi amefunga saa sita na robo, ndivyo alivyoniambia." Salha alisita, akajifunika khanga vizuri. "Asubuhi walikuwa wamegombana. Mwalimu amepata kazi Mbeya. Bosi akamwambia, 'Ukiniacha na darasa katikati, utanijua mimi ni nani.'"

Dafroza aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Kisha akaigeukia kompyuta iliyokuwa inawaka. Kituoni kwao Njombe walikuwa bado wanapiga taipu. Hakuwahi kushika mausi maishani mwake, na hakuona aibu kusema hivyo.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Hiki ninachokiona ni nini?"

"Ni ukurasa wa tovuti, afande. Kuna kituo cha watoto yatima kule Wanging'ombe, kinaitwa Lihanga. Mwalimu aliwatengenezea tovuti bure. Kila mtoto mgonjwa ana ukurasa wake, na madaktari wa ng'ambo wanasoma huko huko kwao. Huu ni wa Bertila. Ana ugonjwa wa moyo."

Juu ya ukurasa kulikuwa na jina la Bertila, chini yake maelezo ya vipimo vya moyo. Katikati, mahali pa picha, palikuwa na kisanduku kitupu chenye msalaba mdogo mwekundu.

"Na picha iko wapi?"

"Imegoma kufunguka. Jana ilikuwepo, niliiona kwa mbali." Salha alivuta kiti. "Ukurasa hauhifadhiwi humu. Unakaa kwenye kompyuta kubwa, tunaiita seva. Yetu iko Uingereza, tumekodi nafasi huko. Ukiandika anwani ya tovuti, kompyuta hii inaomba ukurasa kwa seva, seva inautuma, halafu programu inayoitwa brauza inausoma na kuuchora hapa kwenye kioo. Lakini kinachotumwa si mchoro. Ni maandishi matupu. Tazama."

Alibonyeza mara mbili. Ukurasa ukapotea, pakatokea mistari ya maneno yaliyofungwa ndani ya mabano yenye ncha. Dafroza alisogeza uso karibu.

"Hizi ni amri," Salha alisema. "Hii inasema, hapa anza kichwa cha habari. Hii inasema, hapa aya imekwisha. Na hii inasema, hapa weka picha, jina lake ni hili."

Jina lilikuwa PICHA2.JPG, herufi kubwa tupu.

"Ajabu," Salha alinong'ona. "Mwalimu huandika herufi ndogo zote. Alikuwa anatupigia kelele kwa hilo."

Alifungua orodha ya mafaili yaliyokuwa kwenye seva. Picha ilikuwepo, lakini jina lake lilikuwa picha2.jpg, kwa herufi ndogo. Alipoifungua yenyewe, nje ya ukurasa, ilikubali mara moja. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sweta la kijani, midomo imeiva rangi ya zambarau, akitazama mbele bila kutabasamu. Mkabala na jina la ukurasa wa Bertila kulikuwa na tarehe ya siku ileile na saa ya mabadiliko ya mwisho: 09:48.

"Saa tatu na dakika arobaini na nane asubuhi," Dafroza alisema, akiandika. "Saa hiyo nani alikuwa humu ndani?"

Salha aliinamisha kichwa. "Mimi nilikuwa posta. Walikuwa wawili tu, mwalimu na bosi."

Fahadi Abdulsalam alihojiwa saa kumi na moja na nusu katika kituo cha polisi cha Makambako. Alikuwa mtu mnene, mwenyeji wa Tanga, aliyezoea kusikilizwa.

"Nilimfokea, ndiyo. Nimemleta mimi, nimemtafutia wanafunzi mimi, halafu anaondoka! Lakini kumuua?"

"Leo saa tatu na dakika arobaini na nane ulikuwa wapi?"

"Kule kafe, dukani kwangu. Nilikuwa napanga karatasi."

"Na mwalimu?"

"Alikwenda kunywa chai kwa mama ntilie."

"Kwa hiyo ulikuwa peke yako na kompyuta. Mtu akabadilisha ukurasa wa mtoto mgonjwa. Na kuanzia saa sita hadi saa sita na robo ulikuwa peke yako na marehemu, kisha ukafunga mlango kwa mkono wako."

"Afande, sijui hata kutengeneza huo ukurasa! Mimi ni mfanyabiashara."

"Salha anasema ulikaa kwenye darasa lake siku mbili."

Usiku ule Fahadi alilala mahabusu, na mji mzima ulishajua kabla ya sala ya isha.

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi Dafroza alikuwa Wanging'ombe. Ukungu ulikuwa haujainuka na nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi ya alfajiri. Mama Eveline, mlezi mkuu wa Lihanga, alimpokea jikoni, mahali pekee penye joto.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja kwa habari ya mwalimu." Mama Eveline alijifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Yule kijana alikuwa anatuombea kwa wazungu kuliko hata sisi wenyewe."

Dafroza alimpa ile picha, iliyochapwa kwenye karatasi. Mama Eveline aliipeleka dirishani.

"Huyu nani?"

"Si Bertila?"

"Bertila? Bertila ndiye yule." Alimwonyesha mtoto aliyekaa karibu na jiko akimenya viazi taratibu, akipumzika kila baada ya kiazi kimoja. Alikuwa wa miaka tisa, mfupi, mwenye uso wa duara. Hakufanana na wa kwenye picha hata kidogo.

"Madaktari wanachaguaje?" Dafroza aliuliza.

"Mwaka huu nafasi ni moja. Wanasoma zile kurasa, wanatazama vipimo na picha, Jumatatu saa sita mchana wanafunga. Halafu wanaleta barua na hati za safari za mtoto waliyemwona. Sharti lao ni yatima tu. Mwenye wazazi hawamgusi."

"Barua hizo anapokea nani?"

"Katibu wetu, Enoki Kilasi. Kila kitu cha ng'ambo kinapita kwake. Ndiye pia angemsindikiza mtoto. Mimi hiyo intaneti sijawahi kuiona, hapa hata umeme hatuna."

Dafroza alipiga hesabu kichwani. Mtu anayepokea barua peke yake angeweza kumwambia Mama Eveline kwamba Bertila hakuchaguliwa, kisha akampandisha ndege mtoto mwingine kwa jina la Bertila. Kule ng'ambo wangempokea bila swali, kwa sababu uso ungekuwa uleule wa kwenye tovuti.

"Huyu Enoki anakaa wapi?"

"Njombe mjini. Ana matatizo nyumbani, maskini. Mtoto wake anaumwa. Mimi sijapata kumwona, ila baba mtu anakonda kila siku."

Saa tisa alasiri alibisha hodi kwenye nyumba ya bati kandokando ya mashamba ya miti, nje kidogo ya soko la Njombe. Mlango ulifunguliwa na msichana mwenye sweta la kijani. Alikuwa anahema kwa kutembea hatua sita tu.

"Shikamoo," alisema. "Baba yupo."

Dafroza aliitikia marahaba. Karatasi ya picha ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Hakuitoa.

Enoki Kilasi alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Mkewe Ida alileta chai, akarudi kumkalisha mtoto karibu na jiko la mkaa.

"Emilia ana miaka kumi," Enoki alisema kabla ya kuulizwa. "Moyo. Vali moja, kile kilango cha damu, haifungi. Hapa nchini walituambia tusubiri. Tunasubiri mwaka wa tatu."

"Pole sana. Mwalimu Hezekia ulimfahamu vipi?"

"Nilikuwa nampelekea picha na karatasi za vipimo. Basi."

"Kompyuta unaijua?"

"Mimi? Naweza kupiga barua. Hayo mambo ya tovuti ni ya mwalimu."

"Jana saa tatu na dakika arobaini na nane asubuhi ulikuwa wapi?"

Enoki hakufikiri hata kidogo. Alitoa kadi ya hospitali yenye mhuri wa jana. Mtoto aliandikishwa saa mbili na nusu, akaonwa na daktari saa tatu na dakika hamsini. Sahihi ya baba ilikuwepo.

"Na mchana?"

"Nilirudi naye hapa. Nilikuwa hapa hapa."

Ida, kule jikoni, aliacha kukoroga sufuria. Dafroza alimsikia akiacha. Lakini kati ya Njombe na Makambako ni kilomita sitini, na mtu hawezi kuwa kwenye foleni ya hospitali huku na kwenye kompyuta kule kwa dakika moja. Aliaga, akatoka nje kwenye baridi, akiwa na uso wa mtoto mfukoni na saa inayokataa kukubaliana nao.

Usiku hakupata usingizi wa maana. Ile 09:48 ilikuwa imeandikwa na nani? Si Enoki, si Fahadi, si mwalimu. Imeandikwa na mashine, naye hakuwahi kuihoji mashine hiyo.

Jumapili saa tatu asubuhi alimkuta Salha akimsubiri mlangoni pa kafe.

"Nataka unifanyie jaribio. Chukua ukurasa wowote usio na maana, ubadilishe neno moja, uupeleke kwenye seva. Sasa hivi."

Salha alifanya hivyo. Alifungua maandishi ya ukurasa wa matangazo ya zamani, akaongeza nukta, akautuma. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Wote wawili waliinamia kioo.

Mkabala na jina la ukurasa seva iliandika 06:20.

"Imekosea," Salha alisema.

"Haijakosea. Sisi ndio tuliokosea." Dafroza alihesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena. "Umeniambia iko Uingereza. Inaandika saa ya dunia inayohesabiwa kuanzia huko, nayo iko nyuma yetu saa tatu. Ijumaa ilipoandika 09:48, hapa Makambako ilikuwa saa sita na dakika arobaini na nane mchana."

Salha alishika mdomo. "Bosi alikuwa msikitini."

Alikuwa msikitini kweli. Imamu na watu wa safu ya mbele walithibitisha, na baada ya sala Fahadi alikula nyumbani na wageni watatu wa Tunduma hadi saa nane na nusu. Dafroza aliwasikiliza mmoja mmoja kabla ya saa tano.

Kilichobaki kilikuwa ni zile herufi kubwa.

"Kwa nini picha iligoma?" alimuuliza Salha. "Jina si lilelile?"

"Kwa kompyuta zetu ni lilelile, kubwa au ndogo hazijali. Ukijaribu hapa dukani, picha inatokea vizuri, unafurahi. Ukipeleka kwenye seva, yenyewe inaona ni majina mawili tofauti. Inatafuta PICHA2 kubwa, haipo, inaacha kisanduku. Mwalimu alitufundisha hilo somo la tano."

"Kwa hiyo aliyeandika hivi anajua kutengeneza ukurasa, lakini somo la tano hakulipata. Mahudhurio yapo?"

Yalikuwepo, kwenye daftari la mwalimu, kwa mwandiko wake wa kulala. Wanafunzi walikuwa sita. Fahadi aliacha baada ya siku mbili. Wanne walihudhuria masomo yote. Wa sita alihudhuria saba kati ya manane, na kwenye somo la tano mwalimu aliandika kando: *mtoto amelazwa*. Jina lake lilikuwa Enoki Kilasi.

Saa nane mchana wakala wa mabasi Njombe alimwonyesha kishina cha tiketi ya Ijumaa, basi la saa nne na nusu kwenda Makambako. E. Kilasi, kiti cha kumi na mbili.

Enoki alimwona akija na askari wawili nyuma yake. Alitoka nje mwenyewe, akavuta mlango.

"Tuongelee huku nyuma, afande. Mtoto amelala."

Walisimama karibu na rundo la kuni. Dafroza alimpa karatasi ya picha.

"Uliniambia tovuti huijui. Umesoma masomo saba. Uliniambia Ijumaa mchana ulikuwa hapa. Ulikuwa kiti cha kumi na mbili. Ukurasa haukubadilishwa saa tatu ulipokuwa hospitali, ulibadilishwa saa saba kasoro, na mwalimu alikufungulia mlango wa nyuma kwa sababu anakujua. Nikosoe nilipokosea."

Enoki aliipokea ile picha kwa mikono miwili.

"Hujakosea," alisema. "Nilimwambia nataka kufanya mazoezi. Akanipa kiti chake, akaniachia kila kitu wazi, akaenda kuninunulia chapati. Kuninunulia mimi, afande. Nikabadilisha picha na vipimo, jina nikaliacha. Nikajaribu pale pale, uso wa Emilia ukatokea. Nikatuma."

"Halafu akarudi."

"Akarudi. Akaona kile kisanduku kitupu. Hakukasirika. Akadhani ni mazoezi tu, akacheka. Akasema, 'Enoki, umekosea herufi, ngoja nikuonyeshe.' Akainama kunionyesha." Enoki aliegemea rundo la kuni. "Akaifungua picha yenyewe. Akauliza, 'Huyu nani?' Nikamwambia ukweli. Nilidhani atanielewa."

"Alisemaje?"

"Alilia. Kweli, alilia. Kisha akasema anakwenda kumpigia simu mchungaji wa kanisa la Wanging'ombe amwite Mama Eveline, kwa sababu Bertila naye anakufa. Akafungua mlango wa nyuma. Nikamshika mkono. Akajivuta, nami nikamsukuma. Sikutaka aanguke, nilitaka akae chini anisikilize."

"Na ulipomwona haamki?"

"Nikakimbia. Nikasahau hata kuzisahihisha zile herufi."

Upepo ulipita kwenye misonobari. Askari mmoja alikuwa akitazama viatu vyake.

"Wanataka yatima," Enoki alisema. "Mwanangu kosa lake ni kuwa na baba. Nimewahi kufikiria kujiua, afande, nikahesabu, nikaona hata hivyo mama yake atabaki. Isingetosha."

Dafroza alimwambia aage. Kupitia dirisha alimwona akipiga magoti karibu na kitanda na kumvutia mtoto blanketi hadi kidevuni bila kumwamsha. Ida alisimama ukutani, mikono kichwani. Enoki alipotoka aliitoa mikono mbele kabla ya kuambiwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi Salha alipata nakala safi ya ukurasa wa Bertila kwenye kompyuta ya marehemu, akaituma. Uso wa duara ulitokea mahali pake. Fahadi, aliyekuwa ameachiwa huru jana yake, alisimama nyuma yao. Salha alipomaliza, Dafroza alimwomba awaandikie pia madaktari barua moja, akataja jina la Emilia, ugonjwa wake, na kwamba wazazi wake wako hai. Barua ilijibiwa kwa adabu baada ya wiki mbili. Walisikitika. Sharti lilikuwa ni lilelile.

Tarehe 21 Oktoba Dafroza alikwenda gerezani kumwona Enoki, aliyekuwa bado anangoja kesi. Hakutumwa na mtu. Alifikiri habari ya Emilia isipelekwe kwa karatasi.

Enoki alipomwona hakukaa.

"Lini?" aliuliza.

"Juzi. Alfajiri."

"Alikuwa na nani?"

"Na mama yake. Alikuwa amempakata."

Enoki aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Askari jela alipoanza kuchezesha funguo, Enoki aliinua uso.

"Na yule mwingine? Bertila?"

"Alipasuliwa mwezi uliopita. Mama Eveline ameniambia sasa anakimbia."

"Anakimbia," alisema Enoki. Aliketi kwenye benchi, akaufunika uso kwa mikono yote miwili, na Dafroza akakaa naye mpaka muda ulipokwisha.